Simu ya siku ya tatu

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Kuacha sigara ni juhudi ya mvutaji mwenyewe. Serikali ina la kusaidia zaidi ya kupandisha kodi na kupiga marufuku?" Nitajibu kwa mifano ya majimbo ya Marekani. Huko kila jimbo limeshika njia yake kwa zaidi ya miaka 30, na mengi waliyoyajaribu yamepimwa.

Jibu langu ni ndiyo, tena sana. Ila usiipime serikali kwa mabango. Mtazame mvutaji katika wiki yake ya kwanza bila sigara: nani anampigia simu, ana dawa ya kumtosha siku ngapi, na nani kailipia.

Kodi sitaidharau. Mwaka 1988 wapiga kura wa California walipitisha sheria kwa kura yao wenyewe, iitwayo Proposition 99, na kuanzia Januari 1989 kodi ya jimbo kwa pakiti ikapanda kutoka senti 10 hadi 35. Ongezeko hilo lilikuja na sharti ambalo naliona muhimu kuliko senti zenyewe: asilimia 20 ya mapato yake iende kwenye elimu ya afya kuhusu tumbaku. Majimbo bado yanapishana mno. New York inatoza dola 5.35 kwa pakiti, Missouri senti 17. Kodi kubwa humsukuma mtu atake kuacha, na huwafaa hasa vijana ambao hawajazama. Lakini mtu aliyevuta miaka 20 akitaka leo, kesho asubuhi arosto inamkuta palepale: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, mikono isiyojua ishike nini. Kodi haina la kumwambia saa hiyo.

Hapo ndipo inapoingia simu. Agosti 1992 California ilifungua huduma ya simu ya bure ya kuacha sigara, ikiendeshwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego. Ubunifu wake ulikuwa kwenye ratiba. Huduma nyingi za ushauri hupanga mazungumzo kila wiki. Wao waliangalia ni lini watu hurudia sigara, wakakuta wengi huanguka siku za mwanzo kabisa. Basi wakapanga simu moja ndefu kabla ya siku ya kuacha, halafu tano fupi baada yake: siku ya 1, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Na mshauri ndiye anayepiga. Hili ni la msingi, kwa sababu mtu aliyevuta jana usiku huona aibu kunyanyua simu.

Simu ya kwanza si mahubiri. Mshauri anauliza umewahi kuacha mara ngapi, kila mara ulidumu siku ngapi, na nini kilikurudisha. Kisha mnataja mazingira magumu kwa majina yake: kahawa ya asubuhi, mapumziko kazini, ugomvi nyumbani, meza ya pombe. Kila moja linapewa jambo la kufanya badala ya sigara, na mnaweka tarehe. Simu zinazofuata zinapima mpango ule uliharibikia wapi. Sigara moja iliyoponyoka huchukuliwa kuwa ni kujikwaa, si kuanguka, na mpango unarekebishwa papo hapo.

Utafiti uliotolewa mwaka 2002 uliipima huduma hiyo ikiwa kazini. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 23.7 ya waliopangiwa ushauri walikuwa hawajavuta, dhidi ya asilimia 16.5 ya kundi la kulinganishia. Baada ya mwaka ilikuwa 9.1 dhidi ya 6.9. Msomaji atasema ni kidogo. Ni kweli ni kidogo kwa jaribio moja la mtu mmoja. Lakini simu ni nafuu, inafika kijijini na mjini sawasawa, na kwa watu 10,000 tofauti hiyo ni zaidi ya 200 ambao wasingeacha. Tena itazameni vizuri namba ya kwanza na ya mwisho: kutoka 23.7 hadi 9.1. Zaidi ya nusu walipotea baada ya mwezi. Mpango unaomaliza kazi yake siku ya 30 unamwacha mtu katikati ya mto.

Kasoro kubwa ya huduma hizi ni kwamba hazifikiwi. Kwa mwaka wa kawaida hupata kama asilimia 1 tu ya wavutaji wa jimbo. Sababu moja inajulikana na dawa yake pia. Katika kliniki nyingi muuguzi humpa mgonjwa kadi yenye namba na kumhimiza apige. Mjini Houston walilinganisha njia hiyo na nyingine ambamo muuguzi, mgonjwa akikubali, anatuma namba yake ya simu moja kwa moja kwenye huduma, na wao wanampigia ndani ya saa 48. Matokeo yalitoka mwaka 2013: kwa njia ya kadi, asilimia 0.6 ya wavutaji waliingia kwenye matibabu. Kwa njia ya pili, asilimia 7.8. Ni mara 13, na gharama yake ni sanduku moja la kujaza kwenye kompyuta ya kliniki. Anayepanga bajeti ya wizara na bado anachapisha kadi, pesa yake anaitupa.

Sasa dawa, maana hapa ndipo watu wengi huharibikiwa hata wakiwa na nia. Plasta ya nikotini, inayopenyeza nikotini kwenye ngozi badala ya sigara, kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanzia 14. Hesabu ya kwanza ni wiki 10. Lakini majimbo yenye bajeti ndogo hutuma kwa posta kifurushi cha wiki 2, halafu watu wanashangaa kwa nini wiki ya nne mtu amerudi dukani. Plasta hubandikwa asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na kila siku mahali papya. Ukirudia palepale ngozi inawasha. Ndoto zikikusumbua, ibandue kabla ya kulala.

Plasta peke yake hutoa nikotini taratibu, haizimi kiu ya ghafla. Ndiyo maana plasta pamoja na chingamu au pipi ya nikotini hushinda kimoja peke yake. Kipimo cha chingamu au pipi hupangwa kwa swali moja: unavuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka? Ukisema ndiyo, ni miligramu 4. La sivyo, 2. Chingamu hii haitafunwi kama ya watoto. Unatafuna polepole mpaka uhisi ukali, unaiegesha kati ya fizi na shavu, ukali ukiisha unatafuna tena, kwa nusu saa hivi. Wanaoitafuna mfululizo humeza nikotini, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanasema dawa haifai. Kahawa, soda na maji ya matunda ziepukwe dakika 15 kabla, kwa sababu asidi yake huzuia nikotini kupenya mdomoni. Mwenye ujauzito, mwenye maradhi ya moyo, au anayefikiria vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vareniklini au bupropioni, amwone daktari kwanza.

Nani alipie? Massachusetts walijibu Julai 2006. Bima yao ya Medicaid kwa watu wa kipato cha chini ilianza kulipia awamu mbili za dawa za siku 90 kila mwaka na vikao hadi 16 vya ushauri, mgonjwa akichangia dola 1 hadi 3 tu. Kisha wakatangaza redioni na kwenye mabasi kwamba huduma ipo, hatua ambayo majimbo mengine huisahau. Katika miaka miwili na nusu, zaidi ya watu 70,000 waliitumia, na uvutaji miongoni mwa wenye bima hiyo ukashuka kutoka asilimia 38 hadi 28 hivi. Hawa ndio watu ambao kwa miaka mingi ilisemwa hawataki kuacha. Walikuwa hawamudu.

Kinachoniuma ni fedha. Novemba 1998 majimbo 46 yalifikia mapatano ya kumaliza kesi na kampuni kubwa za sigara, malipo ya kampuni hizo kwa majimbo yakikadiriwa dola bilioni 206 kwa miaka 25 ya kwanza. Hayakuwepo masharti kwamba fedha hizo zitumike kupambana na tumbaku, na nyingi zikazibia mashimo ya bajeti. Massachusetts hiyohiyo, kati ya 2002 na 2004, ilikata zaidi ya asilimia 90 ya fungu lake la kupambana na tumbaku. Florida ilianza kampeni ya vijana mwaka 1998. Ndani ya miaka miwili uvutaji wa wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 8 ukashuka kutoka asilimia 18.5 hadi 11.1, na bunge la jimbo likapunguza fedha zake hata hivyo. Mwaka 2006 wapiga kura wakaamua kuzifungia kwenye katiba: kila mwaka, asilimia 15 ya kiasi ambacho jimbo lililipwa na kampuni mwaka 2005, kikiongezwa kwa mfumuko wa bei. Naona hilo ndilo somo la kubeba. Kenya ina mlango wa namna hiyo: kanuni za 2014 zinawataka watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku, na Mahakama ya Juu iliziacha zisimame Novemba 2019. Wanaoufuatilia mfuko huo waulize ni shilingi ngapi zinafika kwenye plasta na kwa mshauri wa simu.

Kwa wasomaji wetu walio Marekani, namba ni 1-800-QUIT-NOW, yaani 1-800-784-8669, na ni bure. Huduma nyingi hutumia wakalimani kwa simu, hivyo mshauri akipokea taja tu jina la lugha, "Swahili", na usikate wakati anamtafuta mkalimani. Jambo moja huwatatiza waliohama: mfumo hukupeleka kwenye jimbo la tarakimu tatu za mwanzo za namba yako. Kama uliichukua namba ya simu Texas na sasa unaishi Ohio, utapokelewa na Texas. Mwambie anayepokea unakoishi sasa kabla hajakuandikisha, maana dawa za bure hutolewa kwa wakazi wa jimbo.