Mshumaa wa nne haukuyeyuka

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Krismasi bila pilau na nguo mpya inabaki na nini?" Mimi nauliza kwanza: hiyo Krismasi inaanza lini? Wengi wetu tunaianza Novemba redio zinapofungulia nyimbo za Noeli, na tarehe 26 asubuhi imekwisha, mti uko jalalani pamoja na mifupa ya kuku. Kanisa Katoliki linakwenda kinyume: kwanza Majilio, kipindi cha kungojea Noeli, Dominika (Jumapili) 4 bila wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu", kisha Noeli inayoanza mkesha wa tarehe 24 na kufika hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari.

Kumbukeni 2023. Dominika ya 4 iliangukia tarehe 24 Desemba yenyewe, Majilio yakawa siku 22 tu, na hayawezi kuwa mafupi zaidi ya hapo. Watu wakauliza kama Misa moja ya Jumapili jioni ingetosha kwa zote mbili, Dominika na Noeli. Haitoshi, amri mbili, Misa mbili. Aliyetoka jasho ni sakristani, mtunza vyombo na mavazi ya kanisa. Asubuhi zambarau ya Majilio, jioni nyeupe ya Noeli, na katikati saa chache za kubadili vitambaa, kuleta maua na kupanga pango la Noeli. Parokia moja kamati ya mapambo ilishindwa kungoja, ikapamba Jumamosi. Padre akaadhimisha Majilio kwa zambarau katikati ya taa za kumetameta, na Mtoto tayari kalala horini. Tulikuwa tunamngoja nani?

Taji la Majilio, lile duara la matawi lenye mishumaa 4, mmoja kwa kila Dominika, lilisema ukweli. Mshumaa wa kwanza huwashwa Dominika zote 4, kwa hiyo mwishoni ndio mfupi. Inayofuata hupanda kama ngazi. Msibadili mishumaa ili ilingane, hizo ngazi ndizo wiki zenyewe. Mwaka ule mshumaa wa nne uliwaka asubuhi tu, ukabaki karibu mpya. (Kwa wanaotengeneza: matawi ya mvinje yakatwe upya kila Jumamosi, makavu hushika moto. Mshumaa usimame kwenye kopo la mchanga mbichi, mbali na feni, la sivyo nta inamwagikia upande mmoja.)

Nilikusudia kumalizia kwamba pilau na nguo vipunguzwe. Lakini taji hilo chanzo chake ni watoto: mwanateolojia Mlutheri Johann Hinrich Wichern alilitundika Hamburg mwaka 1839, kwa watoto wa kituo chake, wahesabu siku za kufika Noeli. Na mtoto wa Mbagala anayepita kwa fundi cherehani kila jioni, "gauni langu tayari?", akijibiwa "kesho", huyo yuko kwenye Majilio kuliko kamati ile ya mapambo.

Basi nguo zibaki, na pilau libaki, ila gauni lisivaliwe kabla ya mkesha na sufuria lisibandikwe kabla ya tarehe 25. Manesi wa zamu na madereva wa mabasi ya Moshi siwahesabu. Hao wale siku watakayopata nafasi.