Kabla hujawauliza watu wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, mji mkuu wa Malawi

Anayetaka kupima watu wa kawaida wanazijua vipi nchi za nje huanza na miji mikuu, kwa sababu ni rahisi kusahihisha. Tatizo ni kwamba swali la mji mkuu linapima zaidi mtu alisoma hadi darasa la ngapi. Utingo wa lori anayevuka Tunduma kila wiki anaweza kukwama hapo, lakini bei ya mafuta ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, anaijua kuliko mwalimu wa jiografia.

Kwa hiyo gawa maswali: manne ya shuleni, manne ya kazini na safarini, manne ya redioni. Jumla 12. Yakizidi hapo, muuza viazi anaanza kumtazama mteja wake badala yako.

La shuleni: "Taja nchi zinazopakana na Tanzania." Ziko nane. Andika kila jina kwa mpangilio lilivyotajwa, usiishie kuhesabu. Mbeya tarajia Zambia na Malawi zitangulie. Kongo ndiyo rahisi kusahaulika, na si ajabu: mpaka wetu nayo umo majini, Ziwa Tanganyika. La kazini: "Reli ya TAZARA inaishia wapi?" Jibu ni Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Anayekujibu Lusaka amekosa, ila anajua treni inaelekea nchi gani, na hilo si sawa na kutojua kabisa. La redioni: "Sudan Kusini ilijitenga na nchi gani?" Usilitumie hilo! Jibu limo ndani ya swali. Uliza Eswatini iliitwaje kabla ya 2018.

Majibu yaliyopitwa na wakati yape safu yake kwenye dodoso. Mzee akikuambia Zaire, nchi anaijua; jina lilibadilika 1997. Anayesema mji mkuu wa Nigeria ni Lagos alikuwa sahihi hadi 1991. Ukiwaweka kapu moja na asiyejua lolote, unaitupa habari nzuri kuliko zote ulizokusanya.

Ukitoa majibu manne ya kuchagua, kumbuka kubahatisha. Asiyejua kitu atapata kama 3 kati ya 12 kwa bahati tu, basi usimsifu mtu aliyepata 3. Weka na "sijui", uitamke mwanzoni kabisa: "Mama, kusema sijui si kosa." Usipofanya hivyo, watu wetu kwa ustaarabu watakupa jibu lolote ili usiondoke mikono mitupu.

Kuchagua watu ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Mdodosaji akiachiwa, atamfuata kijana aliyevaa vizuri. Simama sehemu moja, hesabu wanaopita, msimamishe kila wa tano, na waliokataa uwaandike pia. Nenda asubuhi na jioni, na usiishie Mwanjelwa. Uyole wanapita watu wengine kabisa. Hata ukichagua kwa bahati nasibu kweli, watu 100 wanakupa makadirio yanayoweza kupotoka kwa asilimia 10 hivi kila upande. Ukitaka 5, tafuta 400. Na mtendaji wa kata mwone mapema, kabla hajakutafuta yeye.

Kijiwe cha bodaboda ni mtego. Ukimuuliza mmoja, wanajibu sita, na aliye na simu keshalitafuta jibu intaneti. Mvute pembeni hatua kadhaa, uwe na matoleo mawili ya dodoso yenye mpangilio tofauti wa maswali.

Swali la mpaka wa Ziwa Nyasa liache. Linageuka mjadala, na nusu saa imekwisha. Kwa watu wa Kyela hata maneno "nchi za nje" yatazame upya: mwenye shangazi Karonga haihesabu Malawi kuwa nje, nje kwake ni Ulaya. Taja nchi kwa jina.

Watu watataka kujua wamepata ngapi, na ni haki yao. Lakini majibu sahihi wape jioni, ukishamaliza safu nzima ya vibanda. Ukimwambia muuza nyanya wa kwanza kwamba ni Lilongwe, si Blantyre, kabla ya saa sita soko zima litakuwa linajua Lilongwe.