Ngege Jike Akifunga Mdomo, Chakula Chako Kimepotea

Lalamiko la wafugaji wa samaki, kuanzia Kano hadi Siaya magharibi mwa Kenya, ni lile lile: umelisha miezi sita, siku ya kuvua wavu unaleta ngege (tilapia) wachache wa kuuzika na mamia ya wengine wasiozidi omena, yaani dagaa. Lawama huenda kwa aliyeuza vifaranga, au kwa chakula. Mara nyingi tatizo ni kwamba madume na majike wamekaa pamoja, na kazi ya kulea imewaangukia majike peke yao.

Maji yakipungua, tazama sakafu ya bwawa karibu na kingo. Utaona vishimo vya mviringo kama masinia, na kila kimoja kina mwenyewe. Dume hukichimba kwa mdomo na kufukuza wenzake. Jike huja, hutaga, dume humwaga manii, kisha jike huokota mayai yote na kuyaweka mdomoni. Mayai huanguliwa humo humo, na malezi yote huchukua wiki moja hadi mbili kulingana na joto la maji. Muda huo wote jike hali chakula, au anakula kidogo mno. Akimaliza hula wiki chache, halafu anataga tena. Kisumu maji ni ya joto karibu mwaka mzima, basi hapumziki. Dume naye anakula na kunenepa.

Jike anayelea utamjua kwa kidevu, kimeshuka kama mfuko. Ukitupa chakula wenzake wanarukia, yeye amejitenga pembeni. Mnase kwa wavu uone: hutema, na chini ya ndoo hutapakaa mayai ya manjano, au vitoto vyenye kiini bado tumboni.

Kwa farasi-bahari, samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi, mambo ni kinyume: jike humpa dume mayai, dume akayabeba kwenye mfuko wa tumboni. Ajabu ni kwamba hata hivyo madume ndio hugombea majike. Ni kwa baadhi ya jamaa zao wembamba kama sindano ndipo majike hugombea madume. Bwawani kwako hesabu ni nyepesi zaidi: anayebeba hakui.

Kwa hiyo fuga madume pekee. Njia rahisi ni kuwachagua kwa mkono wakifika gramu 30 hadi 50. Chini ya hapo macho yatakudanganya. Usiwalishe siku moja kabla. Fanya kazi asubuhi kukiwa na ubaridi, lowesha mikono, mgeuze samaki tumbo juu. Tundu la kwanza kutoka upande wa kichwa ni la haja. Nyuma yake kuna kinundu. Kipake tone la ile dawa ya zambarau ya vidonda, GV ya duka la dawa, ufute. Kinundu cha dume kimechongoka na kina tundu moja nchani. Cha jike ni butu zaidi, na rangi itaonyesha mstari mfupi uliokikata kwa upana; hapo ndipo mayai hutokea. Usiye na hakika naye, mweke kando na majike. Jike wa gramu 100 hutaga mayai kama 100, lakini wa nusu kilo na zaidi anaweza kupita 1,000, kwa hiyo majike kumi waliokuponyoka wanatosha kuharibu bwawa.

Ukinunua vifaranga waliogeuzwa kuwa madume, muulize muuzaji walilishwa chakula chenye homoni kwa siku ngapi. Kawaida ni 21 hadi 28, na lazima kianze mara tu wanapoanza kula. Akikuletea wakubwa na wadogo wamechanganyika, kuna uwezekano walianza kwa umri tofauti, na majike waliochelewa hubaki majike. Hao usiwachukue, hata kwa bei ya kutupa.

Mumi (kambare) husaidia kula vitoto. Mmoja kwa kila ngege kumi ni kianzio kizuri, ila aingie akiwa mdogo kuliko ngege. Ukigeuza mpangilio atakula mtaji.

Kosa linalosahaulika ni bwawa la zamani. Vitoto hujificha kwenye vidimbwi vya matope, na ukijaza maji juu yao umeshaweka majike bila kujua. Kausha mpaka udongo upasuke. Ule mweusi wa Kano hukawia, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya mvua za Machi. Dimbwi lisilokauka limwagie chokaa. Kisha funga mdomo wa bomba la kuingizia maji kwa neti ya matundu madogo kama ya chandarua, uisafishe kila siku, maana ikizibwa na majani, maji hupita kando na vitoto vya mtoni huingia nayo.