Kipimo cha Damu Hakikushuka: Je, Nibadilishe Dawa ya Mifupa?

SWALI: Daktari, assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 64, mkazi wa Tanga. Mwaka jana niliteleza uani nikavunjika mkono karibu na kiganja, na kipimo cha uzito wa mifupa nilichofanyiwa Dar es Salaam kikaonyesha alama ya −2.9 kwenye uti wa mgongo, yaani mifupa imepungua uzito sana. Kabla sijaanza dawa nilitolewa damu saa nane mchana, nimetoka kula, na kipimo cha CTX, cha kuonyesha kasi ya mifupa kumomonyoka, kikasoma 580. Tangu hapo ninameza kidonge cha alendroneti cha miligramu 70 kila Jumatatu. Ninakimeza kwa chai ya maziwa baada ya sala ya alfajiri, kisha ninajilaza, maana huwa kinanichoma kifuani. Baada ya miezi minane nimepimwa tena, safari hii asubuhi bila kula, nikaambiwa ni 560. Binti yangu aliyeko Muscat anasema dawa imeshindwa, na yuko tayari kuninunulia sindano ya denosumabu, ile ya kila miezi sita. Nimkubalie?

JIBU: Wa aleikum salaam, mama, na pole kwa kuvunjika. Kabla hatujailaumu dawa, tuanze na hiyo chai ya maziwa.

Alendroneti ni dawa ngumu kupenya tumboni. Hata ikimezwa kwa utaratibu wote, kiasi kinachoingia mwilini hakifiki asilimia 1 ya kidonge, na kalsiamu iliyo kwenye maziwa hukikamata hicho kidogo kabla hakijapita, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kwa miezi minane umekuwa ukinunua dawa ambayo mifupa yako haijaionja. Kidonge humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na kwa nusu saa inayofuata mtu hali, hanywi kingine wala halali. Huko kulala ndiko ninakokushuku zaidi kwa hicho kiungulia, kwa sababu kidonge kikirudi kwenye umio huuchubua. Ikiwa unapata maumivu unapomeza, au chakula kinakwama, acha kidonge na umwone daktari wako wiki hii, usisubiri tarehe ya kliniki.

Sasa tuje kwenye namba zako. Mfupa ulio hai ni kama ukuta wa udongo ambao kila siku hubanduliwa mahali na kukandikwa upya. Baada ya hedhi kukoma, kubandua hukimbia kuliko kukandika. CTX ni vipande vya kolajeni, protini inayoujenga mfupa, vinavyoingia kwenye damu mfupa unapobanduliwa, na mwenzake, P1NP, hutuonyesha kasi ya kukandika. Faida ya vipimo hivi ni kwamba hutoa habari mapema: dawa kama yako ikifanya kazi, CTX hushuka wazi ndani ya miezi mitatu, mara nyingi kwa zaidi ya nusu, ilhali kipimo cha uzito wa mifupa huhitaji mwaka mmoja au miwili kabla hakijaonyesha tofauti ya kuaminika.

Tatizo ni kwamba CTX ina tabia ya kupanda usiku wa manane na kushuka mchana, na chakula nacho huishusha. Damu yako ya kwanza ilitolewa mchana baada ya mlo, ya pili asubuhi ukiwa hujala, na kuzilinganisha ni sawa na kupima urefu wa mtoto mara moja akiwa amechuchumaa na mara nyingine akiwa amesimama. Namba ya kweli ya mwanzo huenda ilikuwa juu zaidi ya 580. Tena mfupa uliovunjika hupandisha vipimo hivi kwa miezi kadhaa unapojiunga, jambo ambalo nalo limeingia kwenye hesabu yako. Pamoja na dosari zote hizo, sioni sababu ya kuridhika na 560, kwa kuwa alama ambayo wataalamu wengi huilenga kwa mtu aliye kwenye dawa ni chini ya nanogramu 280 kwa lita, yaani wastani wa wanawake vijana wenye afya. Kwa hiyo binti yako amekosea kusema dawa imeshindwa, lakini hajakosea kuwa na wasiwasi.

Kuhusu sindano yenyewe, denosumabu ni dawa nzuri. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009, ilipunguza kuvunjika kwa pingili za mgongo kwa asilimia 68 na nyonga kwa asilimia 40. Ninachokihofia ni namna ya kuiacha. Haibaki ndani ya mfupa. Ikipita miezi sita bila sindano nyingine, kasi ya kubandua hurudi kwa kishindo, na wako wagonjwa waliovunjika pingili kadhaa kwa mpigo baada ya kuchelewa au kuacha bila kuingizwa kwenye dawa nyingine. Sindano hiyo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na yako itategemea msafiri kutoka Muscat mara mbili kila mwaka. Siku mzigo ukikwama, utafanyaje?

Kwa hali yako, kama umio hautaki tena kidonge, ningezungumza kwanza na daktari wako kuhusu asidi ya zoledroniki, dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka, isiyopita tumboni kabisa. Hiyo hushikamana na mfupa, na kuchelewa mwezi mmoja hakuleti balaa. Dripu ya kwanza huweza kukupa homa na maumivu ya mwili kwa siku mbili tatu, ambayo parasetamoli huyatuliza. Kabla yake upimwe figo, kalsiamu na vitamini D, na kama kuna jino la kung'oa ling'olewe mapema, kwa sababu dawa hizi zote, kwa nadra, huweza kudhuru mfupa wa taya.

Ukichagua kuendelea na kidonge kwa utaratibu sahihi, rudia CTX baada ya miezi mitatu, maabara ileile, asubuhi, bila kula. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku mbili kabla, kwani huvuruga baadhi ya mashine.

SWALI: Nimemeza alendroneti kwa miaka mitano bila kuvunjika. Daktari ameniambia nipumzike. Je, si hatari kama kuiacha hiyo sindano ya denosumabu?

JIBU: Hapana. Alendroneti uliyokwisha kuihifadhi kwenye mifupa huendelea kufanya kazi kwa muda, na mapumziko yanafaa ikiwa alama ya nyonga yako kwenye kipimo cha uzito wa mifupa iko juu ya −2.5, yaani karibu zaidi na sifuri. Yana sababu pia: kadiri miaka ya dawa inavyozidi, ndivyo uwezekano, ulio mdogo, wa mfupa wa paja kupata ufa unavyoongezeka. Ukianza kuhisi maumivu mapya ya paja, hata kama umeshaacha dawa, omba eksirei ya mapaja yote mawili.