Kabla hujaweka mtaji kwenye mafuta ya papa

Kila vyombo vya Mwarongo na Kigombe vinapoteremsha papa wawili watatu wa maana, hakosi kijana wa kunipigia simu akiuliza kama ini linalipa. Amesikia kwamba nje mafuta hayo yanatafutwa kwa udi na uvumba, ana akiba yake, na anataka kununua mapipa na sufuria kubwa. Kazi hii naijua kwa mikono yangu, hapahapa Tanga, kwa hiyo nasema wazi: sifa, yaani mafuta hayo ya ini la papa, ina kazi yake ya kupakwa kwenye chombo cha mbao, na hapo italipa kiasi. Usiijengee maisha, na usimnyweshe mtoto.

Papa hana kibofu cha hewa kama samaki wengi. Kinachompa wepesi majini ni ini lake lililojaa mafuta. Kwa aina fulani ini peke yake hufika robo ya uzito wa papa mzima. Ndiyo maana mtu akiliona limelazwa kwenye turubai, jeupe la kijivu, linateleza na kumeremeta, anaona hela.

Namna ya kulikamua ni mbili, na tofauti yake ndiyo watu wengi hawaitaki kuisikia. Ya kwanza ni ya wazee wetu: maini yanakatwakatwa, yanatiwa kwenye pipa, pipa linaachwa juani siku kadhaa mpaka yaoze na mafuta yapande juu yenyewe. Yanatoka ya kahawia, mazito, na harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Ya pili inataka ini la siku hiyohiyo. Unaanza kwa kutoa nyongo bila kuipasua, unaosha, unakata vipande vidogo, unaviweka kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, moto wa taratibu, usichemke kwa fujo. Mafuta yakijitenga unayachota kwa upawa, unayachuja kwa kitambaa mara mbili, unayajaza kwenye chupa ya rangi nzito mpaka mdomoni, kwa sababu hewa na mwanga ndivyo vinavyoyaharibu.

Hata Norway walianzia kwenye pipa la kuoza. Maini ya chewa wa kule (cod) yalikuwa yakiachwa mapipani mpaka miaka ya 1850, Peter Möller, mfamasia, alipoanza kuyapasha kwa mvuke yakiwa mabichi, na dunia ikapata mafuta yanayonyweka. Sifa ya pipani haijawahi kuwa dawa ya kunywa, ni ya mbao. Ninapoiona sokoni ndani ya chupa ya maji, mama anaambiwa ampe mwanawe kijiko asubuhi na jioni kwa ajili ya pumu, moyo unaniuma kwelikweli.

Hata ile iliyokamuliwa vizuri, dada zangu, msiwape watoto. Ini la papa linaweza kuwa na vitamini A nyingi mno, na kiasi chake hubadilika kutoka papa hadi papa. Papa wa kina kirefu wanaweza kuwa nayo kidogo tu, mwingine wa majini kwetu akawa nayo ya kutisha, na chupa mbili zikafanana kama mapacha. Vitamini A ikizidi hukaa mwilini na kuumiza ini la anayeinywa. Kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku, na hakuna muuza chupa anayejua kijiko chake kimebeba ngapi. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 anapewa matone ya vitamini A kliniki mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, kwa kipimo cha umri wake. Mpeleke huko. Tena yapo mabaya zaidi: Novemba 1993, mjini Manakara, Madagaska, watu karibu 200 walidhurika kwa kula papa mmoja, wengine wakafa, na sumu wataalamu wakaikuta kwenye ini.

Sasa biashara. Anayekwambia bei nje ilipanda hakudanganyi. Norway na Urusi zinagawana chewa wa bahari ya Barents, na kiwango cha kuvua kilichokuwa tani 885,600 mwaka 2021 kilishushwa hadi tani 340,000 mwaka 2025. Samaki wakipungua, maini yanapungua. Peru nako, ambako hutoka sehemu kubwa ya mafuta ya samaki duniani, mwaka 2023 waliufuta msimu wa kwanza wa dagaa wao upande wa kaskazini na kati kwa sababu ya El Niño, na bei ikaruka. Lakini soko hilo linanunua karatasi kabla ya kununua mafuta: vipimo vya zebaki, vipimo vya kuchacha, ushahidi wa aina ya samaki. Na kwa papa lipo la CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Pingusi wakubwa, wale papa wa kichwa cha nyundo, wamo kwenye orodha tangu uamuzi wa mwaka 2013, na tangu Novemba 2023 imeingia jamii nzima ya papa ambao ndio wengi kwenye nyavu zetu. Mafuta yao hayavuki mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba uvuvi wake hauwamalizi. Kijana mwenye mapipa mawili Sahare atakitoa wapi?

Tena soko la ini la papa lina tabia ya kuacha watu ufukweni. Vita vya Pili vya Dunia vilipoifunga Norway, papa walivuliwa kwa nguvu California, Afrika Kusini na Australia kwa ajili ya vitamini A. Mwaka 1947 ikapatikana njia ya kuitengeneza vitamini hiyo kiwandani, na bei ya maini ikaanguka. Papa walikuwa wameshapungua, na hawakurudi kwa kasi waliyoondoka nayo, kwa sababu papa wengi hukua polepole na kuzaa watoto wachache.

Kwetu dalili tumeziona wenyewe. Papa wa karibu walipokuwa haba, majarife, nyavu za papa, yakateremshwa kwenye kina kirefu zaidi, na kuanzia mwaka 2003 yakaanza kupandisha silikanti, samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka tangu zama za kale. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mimi nalisoma hilo kama mvuvi: ukiona wavu wa papa unaleta samaki wa shimoni, ujue juu kumekwisha. Anayepanga kununua maini kwa mkataba wa kila wiki anapanga kuwasukuma wenzake washuke zaidi, na hilo siliungi mkono hata kidogo.

Wateja wenyewe hapa mjini ni wachache kuliko zamani. Boti za faiba hazinywi mafuta. Wenye mashua wengine wanapaka oili chafu ya magari kwa kuwa ni rahisi, na naomba sana waache: inachuruzika mchangani palepale watoto wanapookota chaza, wakati sifa inaingia kwenye mbao na kukaa. Mafundi wazuri bado wanaitaka kwa mbao za juu. Chini ya maji wanapaka shahamu na chokaa dhidi ya wadudu wanaotoboa. Fundi akiwa na mashua mbili juu, ndoo moja yako inatosha kazi.

Kwa hiyo, kama bado unataka kuingia, nunua ini la papa aliyekwisha kuteremshwa kwa ajili ya nyama yake, usimwagize nahodha akutafutie. Zungumza kwanza na mafundi watatu au wanne, uliza wana vyombo vingapi vya kupaka kabla upepo wa kusi haujaanza, kisha kamua kiasi hicho. Andika juu ya ndoo kwa herufi kubwa: YA CHOMBO, SI YA KUNYWA. Akija mtu kutafuta dawa ya kifua cha mtoto, usimuuzie, hata akuongeze bei, mwelekeze zahanati.

Mtaji wako mkubwa upeleke kwenye dagaa. Vichanja vya kuanikia, chumvi, sufuria za kuchemshia, turubai la kufunika mvua ikinyesha: hivyo vyote unavipata Tanga, walaji wapo, na dagaa anazaa haraka. Ukitaka kuona kazi ilivyo, nenda mwalo wa Deep Sea alfajiri, kaa na kina mama wanaochemsha, uwaulize gharama ya kuni kabla hujauliza faida.