Mkonge na Mitiki: Shamba Moja, Hesabu Mbili

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeajiriwa karibuni kuwa mhasibu wa shamba la mkonge wilayani Muheza, ambalo pia lina mitiki. Mkaguzi ametutaka tukokotoe uchakavu wa mkonge, lakini mitiki tuithaminishe upya kila mwisho wa mwaka. Yote ni mimea hai. Tofauti hiyo inatoka wapi?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu msomaji, mkaguzi wenu yuko sahihi. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 41, kilichoanza kutumika mwaka 2003, kilitaka mimea yote ya kilimo ipimwe kwa thamani ya haki, yaani bei ambayo ingepatikana sokoni siku ya kufunga hesabu, baada ya kutoa gharama za kuuzia. Wenye mashamba ya mazao ya kudumu walilalamika, na kwa maoni yangu walikuwa na hoja, kwa kuwa shina la mkonge, au mchai wa kule Usambara, halipandwi ili liuzwe. Hutumika kuzalisha mwaka hadi mwaka, kama mtambo. Marekebisho ya mwaka 2014, yaliyoanza kutumika Januari 1, 2016, yakaihamishia mimea ya aina hiyo kwenye kiwango namba 16, pamoja na majengo na mitambo.

Kwa hiyo gharama za kuandaa shamba, miche, kupanda na palizi hukusanywa mpaka mkonge ufikie kukatwa, na hapo ndipo uchakavu huanza, yaani gharama hizo hugawanywa kwa miaka ya mavuno inayotarajiwa kabla mmea haujatoa mlingoti (shina refu la maua) na kufa. Mtiki wenyewe ndio unaoangushwa na kuuzwa, hivyo umebaki kwenye namba 41.

Wengi husahau majani ya mkonge yaliyo bado shinani, ambayo nayo hupimwa kwa thamani ya haki. Soko la majani mabichi ni dogo, maana mashamba mengi yana korona zao, yaani mitambo ya kuchakata majani. Basi anzeni na bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, mtoe gharama za kukata, kusomba, kuchakata na kuuza. Yakishakatwa, thamani ya siku hiyo ndiyo huwa gharama ya kuanzia ya akiba ya ghalani, chini ya kiwango namba 2.

Nawasihi pia muwe waangalifu na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa. Ongezeko la thamani ya mitiki huingia kwenye faida ya mwaka ingawa hakuna gogo lililouzwa. Kiwango kinahimiza kuonyesha kando sehemu iliyotokana na ukuaji na iliyotokana na bei. Fanyeni hivyo, ili wakurugenzi wasigawe fedha ambazo bado ni miti.