Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai: mbona saa za kwenda na kurudi hazilingani?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini tiketi ya mgonjwa wako inaonyesha saa 8 na nusu kwenda Mumbai, lakini saa 3 na nusu tu kurudi, ilhali umbali ni uleule.

Anza kwa kuangalia majira ya saa, kwa sababu kila muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa mji husika, na India imetutangulia kwa saa 2 na dakika 30. Ukiondoka 17:00 na kufika 01:30, ondoa tofauti hiyo, utabaki na saa 6 angani. Wakati wa kurudi, iongeze, utapata saa zilezile 6. Umbali wa angani ni takribani kilomita 4,700, kwa hiyo hesabu hiyo inaingia akilini.

Nilipompeleka mama kwenye matibabu niliisoma 01:30 kama saa moja na nusu asubuhi, nikampa mwenyeji wetu taarifa isiyo sahihi, na mama akasubiri nje usiku akiwa na maumivu. Ni saa saba na nusu usiku, tena tarehe imekwisha kubadilika. Tafadhali mwandikie atakayewapokea tarehe hiyo mpya.

Kwa kuwa mnatoka Dodoma, treni ya SGR itawachukua takribani saa 4, kisha kuna foleni ya kuelekea uwanjani. Kwa mgonjwa, ningeshauri mlale Dar es Salaam usiku mmoja.